Oksidi, bayodizeli na vihisi: je, ni fani moja au tatu?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza shahada ya kwanza ya kemia na nimempata msimamizi wa shahada ya uzamili. Nilipopitia machapisho yake nikakuta mambo ya kila namna: unga wa oksidi za metali, bayodizeli (dizeli itokanayo na mafuta ya mimea), kisha vihisi vya gesi na vya glukosi. Wenzangu wananiambia mtu wa hivyo hana fani, anarukaruka tu. Je, ni kweli? Na nikikubali kufanya kazi naye, nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kufika hapo. Swali la wenzako ni la haki, ila hukumu yao imekuja upesi mno. Mtu anayeandika juu ya mambo hayo matatu anaweza kuwa na fani moja tu, nayo ni uso wa kitu kigumu: molekuli ikitua juu yake inashikwa kwa nguvu kiasi gani, inageuka kuwa nini, na inaondoka lini. Anaweza pia kuwa mtu mwenye kopo moja la unga analizungusha huku na huko akitafuta pa kuchapisha. Vichwa vya makala za watu hao wawili hufanana sana. Tofauti yao imo katika kurasa za ndani, na nitakuonyesha pa kuitafuta.

Tuanze na uso wenyewe. Chukua mchemraba wa sentimita 1 kila upande. Eneo la nyuso zake zote ni sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe vichemraba vya nanomita 10, bila kuongeza wala kupunguza chochote, na eneo linafika mita 600 za mraba. Atomu zilizokuwa zimefukiwa ndani sasa ziko nje, na atomu iliyo nje ina majirani wachache kuliko iliyo ndani, kwa hiyo ina nafasi ya kufungamana na kitu kinachopita. Kinachoitwa kemia ya nyenzo, kwa sehemu kubwa, ni jitihada ya kutengeneza nafasi hizo kwa wingi na kwa mpangilio unaotakiwa. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya kemia walipewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kazi ya namna hiyo: mifumo ya metali iliyounganishwa kwa molekuli za kikaboni, yenye uwazi mkubwa kiasi kwamba gramu 1 ya baadhi yake ina eneo la maelfu ya mita za mraba.

Eneo hilo hupimwa kwa njia waliyoichapisha Brunauer, Emmett na Teller mwaka 1938. Unga hupozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, naitrojeni huingizwa kidogokidogo, na kutokana na kiasi kilichonata hukokotolewa ni molekuli ngapi zinazotosha kuufunika uso kwa tabaka moja. Kila molekuli ya naitrojeni huhesabiwa kuwa inachukua nanomita za mraba 0.162. Utaikuta namba hiyo karibu katika kila makala ya msimamizi wako, na nakusihi usiipokee kama alama ya ubora. Naitrojeni ni molekuli ndogo. Molekuli ya mafuta ya mimea, yenye mikia mitatu mirefu ya kaboni, ni kubwa kuliko vitundu vya zeolaiti nyingi, yaani madini yenye vitundu vidogo mno vilivyopangika. Zeolaiti iitwayo ZSM-5 ina vitundu vya upana wa nanomita 0.55 hivi. Naitrojeni itaingia humo kila pembe na kukupa eneo la kuvutia, ilhali mafuta yatabaki nje yakitumia ngozi ya juu tu ya kila punje. Eneo lililopimwa kwa mgeni mmoja si eneo analolipata mgeni mwingine.

Udogo huohuo wa vitundu, ambao kwa bayodizeli ni kikwazo, kwa ethanoli ya mimea ndio mwokozi. Ukikeneka mchanganyiko wa ethanoli na maji kwa njia ya kawaida, unakwama kwenye ethanoli ya asilimia 95.6 kwa uzito. Kuanzia hapo mvuke una uwiano uleule wa kimiminika, na kuongeza moto hakusaidii. Viwanda vya ethanoli ya kuchanganya na petroli huvuka kikwazo hicho kwa zeolaiti yenye vitundu vya nanomita 0.3. Maji yanapenya na kushikwa, ethanoli haipenyi. Hapo nyenzo na nishati mimea ni kazi moja, na huwezi kusema mtafiti ametoka huku akaenda kule.

Kushika peke yake hakutoshi, na hapa ndipo kamba inayofunga mada zote tatu. Paul Sabatier, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, ndiye anayehusishwa na kanuni kwamba mshiko wa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, lazima uwe wa wastani. Molekuli ikishikwa kwa ulegevu hupita bila kubadilika. Ikishikwa kupita kiasi haitoki, na nafasi iliyoikalia inakuwa imekufa. Uso mzuri ni kama mwenyeji anayejua kumpokea mgeni na pia kumsindikiza. Soma kila makala ya msimamizi wako ukiuliza kuhusu hiyo kusindikiza, maana kupokea huandikwa na kila mtu.

Katika bayodizeli, molekuli 1 ya mafuta inakutana na molekuli 3 za methanoli, nazo zinatoa molekuli 3 za esta, ndizo bayodizeli yenyewe, na 1 ya gliseroli. Kwa uzito, kilo 100 za mafuta na kilo 11 hivi za methanoli hutoa takriban kilo 100 za bayodizeli na kilo 10 za gliseroli. Maabara huweka methanoli maradufu ya inayohitajika, molekuli 6 kwa 1, ili kuusukuma mmenyuko mbele, na hupasha moto hadi karibu nyuzi 60, kwa sababu methanoli yenyewe huchemka kwa nyuzi 64.7. Kichocheo cha kawaida ni hidroksidi ya sodiamu au ya potasiamu iliyoyeyushwa ndani ya methanoli. Ni rahisi, na kinafanya kazi haraka. Tatizo ni kwamba kikishayeyuka hakirudi: lazima bayodizeli ioshwe kwa maji mengi, na mafuta yakiwa na asidi huru nyingi, kama mafuta yaliyokwisha kukaangia, unapata sabuni na povu badala ya tabaka mbili safi za bayodizeli na gliseroli.

Ndiyo maana watu wanatafuta kichocheo kigumu, kinachochujwa na kutumika tena. Oksidi ya kalsiamu ndiyo inayopendwa zaidi, kwani hupatikana kwa kuchoma maganda ya mayai au makombe kwa nyuzi 800 hadi 900, kabonati ikaachia dioksidi ya kaboni. Makala za aina hii ni nyingi mno, na nyingi zinaishia pale zinapotangaza mavuno ya asilimia tisini na kitu. Maswali mazito huanza hapo. Oksidi ya kalsiamu inavuta unyevu na dioksidi ya kaboni kutoka hewani. Ukiiacha wazi kabla ya kuitumia, uso wake unarudi kuwa hidroksidi na kabonati, na ulichoweka kwenye chupa si ulichokiandika kwenye lebo. Pia sehemu yake huyeyuka katika methanoli na gliseroli. Ikiwa kalsiamu iliyoyeyuka ndiyo inayofanya kazi, basi hicho si kichocheo kigumu tena.

Jaribio la kulijua hilo ni jepesi: simamisha mmenyuko ukiwa katikati, uchuje ungali moto, kisha uendelee kuupasha moto bila unga. Esta zikizidi kuongezeka, kichocheo kiko ndani ya kimiminika. Kiwango cha Ulaya cha bayodizeli, EN 14214, kinaruhusu jumla ya kalsiamu na magnesiamu isizidi miligramu 5 kwa kilo, kwa hiyo kalsiamu iliyoyeyuka inaweza kuifanya bayodizeli ikataliwe hata kama mavuno ni ya kupendeza. Makala isiyo na jaribio la kuchuja, wala kipimo cha kalsiamu katika bidhaa, wala matokeo ya kutumia unga uleule mara kadhaa, kwangu haijathibitisha inachodai.

Njia nyingine ni asidi ngumu, ambayo haiogopi asidi huru za mafuta. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba sukari ikichomwa nusunusu, kisha ikatiwa asidi ya salfuriki, inakuwa kaboni yenye asidi kali iliyofungwa juu yake, na inaweza kugeuza asidi za mafuta kuwa esta. Wazo hilo nalipenda kwa sababu lilifungua mlango wa kutengeneza kichocheo cha nishati mimea kutokana na mabaki ya mimea yenyewe. Na kaboni hiyohiyo, ikipikwa kwa namna nyingine ili ipitishe umeme, hutumika kutengenezea elektrodi za vihisi, yaani vipande vinavyopitisha umeme kati ya kifaa na sampuli. Ukiona katika orodha ya machapisho makala ya kichocheo cha kaboni na nyingine ya elektrodi ya kaboni, usidhani mwandishi amehama.

Kwa vichocheo vigumu vilivyovuka kutoka maabara hadi kiwandani, mfano mmoja unatosha. Nchini Ufaransa taasisi ya utafiti wa petroli, IFP, ilibuni mchakato uitwao Esterfip-H, unaotumia oksidi mchanganyiko ya zinki na alumini. Unahitaji joto na shinikizo kubwa kuliko hidroksidi ya kawaida, lakini bidhaa haihitaji kuoshwa ili kuondoa kichocheo, na gliseroli inatoka safi. Kiwanda cha kwanza kilianza Sète mwaka 2006.

Shikilia neno zinki, tuingie kwenye vihisi. Mwaka 1962 Tetsuro Seiyama na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Kyushu, walichapisha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki ukipashwa moto hubadilisha ukinzani wake wa umeme gesi inapoufikia. Mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati, ambacho baadaye kiliingia katika nyumba nyingi kama king'ora cha gesi inayovuja. Na mwaka huohuo tena, Leland Clark na Champ Lyons walieleza elektrodi ya kupima glukosi yenye kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili cha viumbe hai. Kwa anayependa historia ya sayansi, 1962 ni mwaka wa kukumbukwa.

Kihisi cha oksidi hufanya kazi hivi. Kwa nyuzi 200 hadi 400, oksijeni ya hewani inatua juu ya punje na kunyang'anya elektroni kutoka ndani yake. Tabaka la juu la punje linabaki na uhaba wa elektroni, na umeme unapata shida kuvuka kutoka punje moja hadi nyingine. Ukinzani uko juu. Ikija gesi inayoungua, kama methani, mvuke wa ethanoli au monoksidi ya kaboni, inaungana na ile oksijeni na kuondoka nayo. Elektroni zinarudi ndani, ukinzani unashuka, nasi tunasoma mshuko huo. Angalia kilichotokea: gesi imeunguzwa juu ya oksidi. Huo ni uchochezi kamili, sawa na ule wa kwenye chupa ya bayodizeli, isipokuwa hapa bidhaa hatuihitaji. Tunachokihitaji ni habari kwamba mmenyuko umetokea. Ndiyo sababu kuongeza paladiamu kidogo, metali inayojulikana kwa uchochezi, huongeza usikivu wa kihisi cha bati. Na ndiyo sababu udogo wa punje una maana: punje za oksidi ya bati zikishuka chini ya nanomita 6 hivi, lile tabaka lenye uhaba wa elektroni linaimeza punje nzima, na kihisi kinakuwa chepesi sana kuguswa.

Aina nyingine, inayotumika migodini na viwandani kugundua gesi zinazolipuka, imeuweka ukweli huu wazi zaidi. Ni kishanga cha alumina chenye paladiamu au platini, ambacho ndani yake kuna waya wa platini uliozungushwa. Gesi inaungua juu ya kishanga, joto linapanda, ukinzani wa waya unapanda. Kichocheo chenyewe ndicho kihisi. Kinakufa kama vichocheo vinavyokufa: mvuke wa silikoni au misombo ya salfa inaukalia uso na kukataa kuondoka. Mtu aliyesoma vizuri jinsi vichocheo vinavyolishwa sumu anaelewa mara moja kwa nini kihisi kimenyamaza, na hapo ndipo upana wa mtafiti unapokuwa na faida ya kweli.

Hata vimeng'enya viko katika mkondo huu. Kile cha glukosi kwenye elektrodi ni kichocheo, na lipesi, kimeng'enya kinachovunja mafuta, hutumika kutengeneza bayodizeli kwa joto la chini bila kutoa sabuni. Swali la kukifunga kimeng'enya juu ya kitu kigumu bila kukiua ni lilelile katika kazi zote mbili.

Kwa hiyo, kuhusu wenzako: hapana, upana wa mada peke yake si ushahidi wa kukosa fani. Lakini wasiwasi wao una mahali pake, kwa sababu kila eneo lina uthibitisho wake, na uthibitisho haukopeshwi. Aliyepima eneo la uso na kupiga picha nzuri za hadubini ya elektroni hajathibitisha chochote kuhusu bayodizeli, na mavuno mazuri ya bayodizeli hayasemi chochote kuhusu kihisi.

Kwenye vihisi hasa, uwe mkali. Kupata ishara ni rahisi. Karibu kila unga utaitikia kitu. Kazi ni kuonyesha kwamba ishara inatokana na kile unachodai. Mvuke wa maji hewani huvuruga vihisi vya oksidi, kwa hiyo majaribio yaliyofanywa katika hewa kavu tu yameukwepa ugumu wenyewe. Katika vihisi vya elektrodi, mfano wa siku zote ni dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo: kwenye elektrodi isiyotengenezwa maalumu, asidi ya askobiki (vitamini C) na asidi ya yuriki huoksidishwa karibu na volteji ileile, tena mwilini huwa kwa wingi mkubwa zaidi, na ishara zote tatu hupandiana. Mtafiti makini ataziweka pamoja katika jaribio moja. Tazama pia kiwango cha chini kinachodaiwa kugundulika. Kwa desturi hukokotolewa kama mara 3 ya mtawanyiko wa sampuli tupu, ukigawanya kwa mteremko wa mstari wa upimaji. Ni hesabu halali, ila wapo wanaoitumia kutangaza namba ndogo mno ambayo hawakuwahi kuipima hata mara moja. Uliza kama kuna nukta iliyopimwa karibu na kiwango hicho.

Nakushauri ufanye jambo moja kabla ya kusaini chochote. Chukua makala tatu za msimamizi wako, moja ya kila eneo, na usome sehemu ya majadiliano. Kama kila moja inarudi kueleza kwa nini uso huo unaishika molekuli hiyo kwa nguvu hiyo, na matokeo ya moja yanatumika kueleza nyingine, umepata mwalimu mwenye fani pana na yenye kina. Nenda kwake kwa moyo mweupe. Kama majadiliano ni jedwali la kujilinganisha na wengine tu, unga uleule ukisifiwa kwa kila kazi, fikiri mara mbili. Ukikutana naye, mwombe akuonyeshe data za unga uliokwisha kutumika mara nyingi, si ule mpya. Mtafiti wa nyuso huwa anazo, na huzizungumzia kwa shauku, maana humo ndimo alimojifunza zaidi.

Ukianza, anza na bayodizeli, hata kama moyo wako uko kwenye vihisi. Sababu yangu ni uzito. Ulichoweka kwenye chupa unaweza kukipima, na kilichotoka unaweza kukipima: mafuta, methanoli, esta, gliseroli, unga. Hesabu isipolingana, unajua kuna kitu hujakielewa, na huna pa kukificha. Kihisi hakikupi kinga hiyo kwa mwanafunzi mchanga. Tengeneza oksidi moja tu, kwa mfano ya zinki, na utengeneze mafungu matatu tofauti kwa maelekezo yaleyale, uone kama yanafanana kwa eneo, kwa fuwele na kwa kazi. Ukipima ukubwa wa fuwele kwa eksirei kwa mlinganyo wa Scherrer, unaokadiria ukubwa kutokana na upana wa vilele vya eksirei, kumbuka unapata ukubwa wa fuwele, si wa punje. Punje moja inaweza kubeba fuwele nyingi. Usitarajie oksidi ya zinki iende kasi kwa nyuzi 60 kama hidroksidi. Utahitaji chombo kinachohimili shinikizo, na muda mrefu zaidi. Pima asidi huru za mafuta yako kwa titresheni kabla ya kila kitu.

Mwaka wa pili, chukua unga uleule ambao sasa unaujua vizuri, uupake juu ya elektrodi, na ujiwekee lengo la kihisi lenye namba ambayo hukuibuni wewe. EN 14214 inataka methanoli iliyobaki katika bayodizeli isizidi asilimia 0.20 na maji yasizidi miligramu 500 kwa kilo. Jaribu kupima mvuke wa methanoli juu ya bayodizeli uliyoitengeneza mwenyewe, unyevu ukiwepo, na ulinganishe kila usomaji na kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha na kupima vilivyomo, ya sampuli hiyohiyo.